Usimuue Nzi Huyu Kabla ya Kumjua

Tulipokuwa tukikusanya habari za kilimo upande wa Kisasi, mama mmoja mkulima aliniita kando ya shamba lake. Alifunua majani ya mhindi mmoja akanionyesha kiwavi mnene. Mgongoni mwa kiwavi huyo, nyuma tu ya kichwa, kulikuwa na vitone vitatu vyeupe, mfano wa punje za mchele uliovunjika lakini vidogo zaidi. Kwenye jani la pili alikuwa ametua nzi wa kijivu mwenye manyoya magumu tumboni.

"Mwanangu, nyinyi watu wa kaunti mtuambie," alisema. "Huyu nzi anataga mayai juu ya kiwavi, na kiwavi anakula mahindi yangu. Sasa nikipiga dawa, niwaue wote wawili ama?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilisomea uandishi wa habari, sikusomea wadudu. Niliandika swali lake kwenye daftari, nikarudi ofisini, na tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma. Makala haya ni jibu kwake, na kwa kila mkazi wa Kitui na wa kwa jirani zetu Makueni ambaye amewahi kumwona nzi huyo akampuuza.

Nzi huyu ni nani?

Wataalamu huliita kundi lake Tachinidae. Ni mojawapo ya familia kubwa zaidi za nzi duniani, kwani aina zaidi ya 8,000 zimekwisha kupewa majina, na zaidi ya 1,000 kati ya hizo zimeorodheshwa Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wao ukiwatazama haraka utadhani ni nzi wa nyumbani, maana wana rangi ya kijivu au nyeusi na mistari mgongoni. Tofauti utaiona ukisogea karibu. Tumbo la nzi huyu limejaa manyoya magumu yaliyosimama kama miiba. Tena hana haja na choo, jaa wala chakula chako. Akiwa mkubwa hunywa maji matamu ya maua, pamoja na utomvu mtamu unaoachwa na vidukari kwenye majani.

Ni watoto wake wanaokula nyama. Kila aina ya familia hii inayojulikana hukulia ndani ya mwili wa mdudu mwingine aliye hai. Wengi hukulia ndani ya viwavi, na wengine ndani ya mbawakawa, panzi au kunguni wa mimea. Hawaingii kwa binadamu, ng'ombe, mbuzi wala kuku.

Sote tunamjua kupe. Kupe ni kimelea anayenyonya damu na kumwacha ng'ombe akiwa hai, kwa sababu ng'ombe akifa, kupe naye amepoteza chakula. Nzi huyu ni kimelea wa namna nyingine. Buu lake likishamaliza kukua, kiwavi aliyelibeba lazima afe. Kwa tabia yake yuko kati ya kimelea na mwindaji, na ndiyo maana wakulima wa nchi nyingi humtazama kama mfanyakazi asiyelipwa mshahara.

Namna anavyoingia ndani ya kiwavi

Si nzi wote wa familia hii wanaofanya kazi kwa njia moja. Ukitembea shambani ukiwa na habari hizi, utaelewa mengi unayoyaona.

Njia ya kwanza ni ile aliyoiona mama wa Kisasi. Nzi jike hutua karibu na kiwavi, humkaribia kwa miguu, kisha hubandika mayai meupe juu ya ngozi yake. Mara nyingi huyaweka nyuma ya kichwa, mahali ambapo kiwavi hawezi kugeuka na kuyang'ata. Yai linapoanguliwa, buu hutoboa ngozi na kuingia ndani. Kuna aina ambazo mayai yake huanguliwa mara tu yanapotagwa, na hao hutayaona meupe hata ukitafuta.

Njia ya pili ni ya mtego. Nzi hutaga mayai madogo mno, mengi sana, juu ya majani ambayo viwavi hula. Kiwavi huyameza pamoja na jani, na mayai huanguliwa akiwa tayari ameyabeba tumboni.

Njia ya tatu inawahusu viwavi wanaojificha ndani ya bua. Nzi mmoja wa Afrika, Sturmiopsis parasitica, hushambulia viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na mtama. Nzi mwenyewe hawezi kupenya ndani ya bua, kwa hiyo huacha mabuu wadogo walio hai kwenye mlango wa tundu, pale unapoona mavi ya kiwavi yanayofanana na unga wa mbao. Mabuu hao hutambaa ndani ya tundu hadi wamkute kiwavi.

Nzi hupataje viwavi katika shamba zima? Baadhi huongozwa na harufu. Mmea unapotafunwa hutoa harufu tofauti na ule ulio mzima, na nzi huifuata. Wengine hutumia masikio. Huko Amerika yuko nzi wa familia hii aitwaye Ormia ochracea, ambaye husikiliza nyenje dume wanapolia usiku kuwaita majike, kisha huenda moja kwa moja hadi kwenye mlio na kuacha mabuu hapo. Masikio yake ni madogo mno, lakini yanajua mlio unatoka upande gani kwa usahihi mkubwa hivi kwamba wahandisi wameyachunguza ili kutengeneza vifaa bora vya kuwasaidia wasiosikia vizuri.

Ndani ya kiwavi, buu lina tatizo moja, nalo ni hewa. Mwili wa kiwavi hujaribu kujikinga kwa kulizingira buu na kulifunga ili likose pumzi. Mabuu wengi wa familia hii hugeuza kinga hiyo iwe faida yao. Ule ukuta unaojengwa kuwaua wao huufanya mrija wa kupumulia, wakiuunganisha na ngozi ya kiwavi au na mishipa yake ya hewa. Kisha hula polepole, wakiziacha sehemu muhimu za mwili hadi mwisho.

Buu likishakomaa hutoka nje au hubaki ndani ya ganda la kiwavi aliyekufa. Ngozi yake hukauka na kuwa kidonge cha rangi ya kahawia chenye umbo la pipa dogo. Mara nyingi utavikuta vidonge hivyo udongoni, chini ya mmea. Baada ya siku kadhaa kidonge hupasuka upande mmoja na nzi mpya hutoka. Katika joto kama la kwetu, safari yote kutoka yai hadi nzi humalizika kwa wiki chache.

Mgeni aliyetufikia 2017

Kiwavi aliyekuwa mkononi mwa mama wa Kisasi ni kiwavijeshi vamizi. Utamtambua kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na vitone vinne vyeusi vilivyopangwa kama mraba karibu na mkia. Asili yake ni bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mapema mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa tayari ameingia Kenya. Anapenda mahindi kuliko kitu kingine chochote, lakini mtama nao haumponyoki.

Ubaya wake uko katika hesabu. Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake, kwa mafungu ya 100 hadi 200. Palipo na joto, yai huwa nondo baada ya mwezi mmoja hivi. Katika msimu mmoja wa mahindi, basi, vizazi viwili au zaidi vinaweza kupita juu ya shamba lile lile. Kwa eneo kama letu, ambako mavuno ya mwaka mzima hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba, msimu mmoja ukiharibika ni muthokoi na isyo zinazokosekana mezani hadi mwaka mwingine.

Mgeni huyo alipofika, hakuna aliyeleta nzi wa kumfuata. Nzi wetu wa kienyeji ndio waliomgeukia. Watafiti waliokusanya viwavi mashambani Ethiopia, Kenya na Tanzania katika mwaka ule wa 2017 walikuta kwamba tayari wadudu wa huku walikuwa wakikulia ndani yake. Nchini Ethiopia aliyeongoza alikuwa nyigu mdogo aitwaye Cotesia icipe, jina linalotokana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Hapa Kenya aliyeongoza alikuwa nzi wa familia yetu hii, Palexorista zonata. Alikutwa katika asilimia 12.5 ya viwavi, yaani viwavi 12 au 13 kati ya kila 100.

Viwavi wa mahindi si chakula chao pekee. Mkulima wa ndengu na mbaazi anamjua kiwavi anayetoboa maganda na kula punje. Nzi wa familia hii, akiwemo Palexorista laxa, wamepatikana katika viwavi hao pia Afrika Mashariki. Kwa hiyo nzi unayemwona kwenye mahindi leo huenda jamaa yake yuko kwenye ndengu zako ng'ambo ya pili ya tuta.

Mbona kiwavi anaendelea kula?

Hapa ndipo wakulima wengi hukata tamaa. Wanaona kiwavi mwenye mayai meupe mgongoni, wanaambiwa atakufa, na kesho yake wanamkuta bado anatafuna. Si kwamba wamedanganywa. Buu linamhitaji kiwavi aendelee kula ili lenyewe likue. Kiwavi aliyepigwa na nzi anaweza kuishi siku nyingi bado, na mara nyingine hukaribia kukomaa kabla ya kufa.

Kwa maneno mengine, nzi huyu hauokoi mhindi ulioliwa leo. Anachozuia ni kizazi kijacho cha nondo.

Tupige hesabu rahisi. Chukua viwavi 100 ambao wangefikia kuwa nondo. Nzi akiwaondoa 12, na nusu ya hao wangekuwa majike, hao ni majike 6. Kila mmoja angetaga mayai 1,000 tu, ni mayai 6,000 ambayo hayatakuwepo mwezi ujao, shambani mwako na kwa jirani. Hiyo si kazi ndogo. Lakini pia viwavi 88 wamebaki. Anayekuambia nzi peke yake atamaliza viwavijeshi anakudanganya. Nzi ni mmoja katika kundi la wasaidizi, pamoja na nyigu wadogo, siafu, ndege na mkulima mwenyewe.

Mwingi: nzi wa ukoo ule ule, hasara badala ya faida

Kuna sehemu ya kaunti yetu ambako habari hii inageuka. Katika misitu ya Imba na Mumoni, upande wa Mwingi, kuna nondo wa porini aitwaye Gonometa postica. Viwavi wake hula majani ya migunga na kusokota vifukofuko vigumu matawini. Kutokana na vifukofuko hivyo hupatikana hariri ya porini, na ICIPE imeshirikiana na wakazi wa Mwingi kuifanya, pamoja na asali, iwe njia ya kujipatia kipato bila kukata msitu.

Watafiti walipochunguza ni nini kinachowaua viwavi wa hariri katika misitu hiyo miwili, walikuta wadudu wawili wanaokulia ndani yao. Mmoja alikuwa nyigu. Mwingine alikuwa nzi wa kundi la Palexorista, jamaa wa karibu wa yule anayetusaidia kwenye mahindi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Nzi humpiga kiwavi angali mtini, lakini kiwavi hufa baada ya kusokota kifukofuko. Anayesubiri nondo atoke na kutaga mayai ya msimu ujao, humwona nzi akitoka badala yake.

Kazi ya nzi ni ile ile katika mahali pote pawili. Shambani Kisasi anazuia kizazi kijacho cha nondo, na mkulima anafaidika. Msituni Mumoni anazuia kizazi kijacho cha nondo, na mfugaji wa hariri anapata hasara. Mfugaji hawezi kupiga dawa, maana dawa itawaua viwavi wake mwenyewe na nyuki wa jirani yake. Njia inayotumika ni kuwafuga viwavi wangali wadogo ndani ya mifuko ya wavu iliyofungwa kwenye matawi, ili nzi na nyigu wasiwafikie.

Tatizo hilo si la Mwingi pekee. Huko Asia nzi wa familia hii aitwaye Exorista sorbillans amewasumbua wafugaji wa hariri kwa muda mrefu. Wao humwita "uzi", jina ambalo kwa bahati tu linafanana na neno letu. Mwaka 1980 alifika jimbo la Karnataka, kitovu cha hariri cha India, na wafugaji huko walilazimika kuziba madirisha ya mabanda yao kwa wavu.

Waliowahamisha walijifunza nini?

Baadhi ya wasomaji watauliza: kama nzi hawa wanafaa, kwa nini serikali isiwaagize kwa wingi kutoka ng'ambo? Dunia imekwisha kujaribu, na kuna mifano miwili ya kukumbukwa.

Visiwani Fiji, miaka 100 hivi iliyopita, minazi ilikuwa ikimalizwa na kiwavi wa nondo aitwaye Levuana. Mwaka 1925 uliletwa nzi wa familia hii, Bessa remota, kutoka Malaya. Katika muda mfupi kiwavi huyo alidhibitiwa na minazi ikapona.

Marekani nayo ilileta nzi aitwaye Compsilura concinnata kutoka Ulaya mwaka 1906, ili apambane na nondo waliokuwa wakiharibu miti. Lakini nzi huyo hachagui. Aligeukia pia nondo wengi wa kienyeji ambao hawakuwa na kosa lolote, wakiwemo nondo wakubwa wa hariri ya porini. Uharibifu huo umeendelea hadi vizazi vya leo, na hakuna namna ya kumrudisha alikotoka.

Kaunti yenye mahindi upande mmoja na hariri ya porini upande mwingine haiwezi kufanya mzaha na jambo kama hilo. Mdudu yeyote wa kigeni lazima apimwe na taasisi za kitaifa kama KEPHIS na KALRO kabla ya kuachiliwa. Nzi tunaowazungumzia hapa hawahitaji kuagizwa. Wako tayari mashambani mwetu, na wanachohitaji kwetu ni kutouawa ovyo.

Usimchanganye na nzi wa maembe

Jirani zetu wa Makueni, na wakulima wengi wa maembe hapa Kitui, wana vita na nzi mwingine kabisa. Huyo ni nzi wa matunda, hasa Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Hutaga ndani ya embe, na mabuu yake huozesha tunda. Yeye ni wa familia nyingine, ana rangi ya kahawia na njano, kiuno chembamba kama cha nyigu, na mabawa angavu.

Mitego yenye chambo inayotundikwa kwenye miembe imetengenezwa kwa ajili ya huyo, kwa hiyo endelea kuitumia. Endelea pia kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia au kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani. Usije tu ukaona nzi wa kijivu mwenye miiba tumboni akinywa maua ya mwembe ukadhani ndiye mwizi.

Ufanye nini shambani?

Haya ndiyo ushauri wa wataalamu wa mimea unaofaa shamba dogo la Ukambani.

1. Kagua kabla ya kununua dawa. Tembea shambani kwa umbo la herufi W, simama mahali 5, na kila mahali kagua mimea 10 hadi 20. Hesabu mimea yenye majani mapya yaliyotafunwa au mavi mabichi moyoni mwake.

2. Jua kiwango cha kupiga dawa. Mahindi yakiwa machanga, fikiria dawa pale mimea iliyoshambuliwa inapofika kama 20 kati ya 100. Yakiwa yamekua lakini hayajatoa mbelewele, kiwango ni kama 40 kati ya 100. Chini ya hapo, mara nyingi gharama ya dawa ni kubwa kuliko mahindi utakayookoa, na wa kwanza kufa ni nzi, nyigu na nyuki.

3. Ua kwa mkono ukiweza. Katika shamba la ekari moja au chini yake, kupitia asubuhi mara mbili kwa wiki na kuponda mafungu ya mayai na viwavi wadogo hufanya kazi kubwa. Msaada wa watoto wikendi unatosha.

4. Kiwavi mwenye mayai meupe mgongoni usimponde. Usimwache kwenye mhindi pia, maana ataendelea kula. Mtie kwenye chupa au kopo lenye jani la mhindi na udongo mkavu kidogo, funika kwa kitambaa chepesi, uweke kivulini. Kila kiwavi na chupa yake, kwa sababu viwavijeshi hulana wenyewe kwa wenyewe. Badilisha jani kila siku. Akitoka nondo, mponde. Akitoka nzi, mfungulie shambani. Kwa wiki mbili au tatu utakuwa umejionea mwenyewe kama wasaidizi wako wapo.

5. Ukilazimika kupiga dawa, piga jioni au alfajiri. Mchana wa jua kali kiwavi amejificha ndani kabisa ya mmea ambako dawa haimfikii, huku nzi na nyuki wakiwa juu ya majani na maua. Ukipiga saa sita mchana umeua rafiki na kumwacha adui. Elekeza dawa moyoni mwa mmea badala ya kunyunyizia shamba zima.

6. Tumia dawa iliyosajiliwa. Soma kibandiko, hakikisha ina nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB, na uvae glavu, buti na barakoa. Usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha, na usirudie dawa ya aina moja msimu mzima.

7. Acha maua kando ya shamba. Nzi mkubwa huishi kwa maji ya maua. Kwenye matuta ya fanya juu na kando ya ua, usifyeke kila kitu hadi udongo ukabaki mtupu. Magugu machache yenye maua, kunde au mbaazi zilizopandwa kwenye tuta humpa nzi chakula na kivuli. Hakikisha tu kwamba magugu hayo hayaingii kati ya mistari ya mahindi.

8. Ukiwa mfugaji wa hariri ya porini, kagua mifuko ya wavu mara kwa mara na uzibe matundu. Kifukofuko chenye vidonge vya kahawia vyenye umbo la pipa ndani yake usikitupe chini ya mti. Kiondoe, maana humo mnatoka nzi wa msimu ujao.

Jibu la swali

Mama wa Kisasi aliuliza kama awaue wote wawili. Kiwavi, ndiyo, lakini kwanza ahesabu ni mimea mingapi imeshambuliwa, na yule mwenye mayai meupe amtie chupani. Nzi amwache. Yuko pale kwa sababu viwavi wapo, na kila jike anayepata kiwavi anapunguza nondo watakaorudi baada ya mwezi mmoja kutaga kwenye mahindi yale yale.

Nilipompigia simu kumweleza hayo, alicheka akasema chupa za kuwekea viwavi hazitamkosa, za wajukuu zipo nyingi. Nawe mkazi, ukikuta mayai meupe mgongoni mwa kiwavi au vidonge vya kahawia chini ya mmea na hujui ni nini, vibebe kwenye kopo hadi kwa afisa wa kilimo wa wadi yako. Huduma hiyo hailipiwi.